Rajamu ya Kisakinishi: Safari ya Uteuzi kutoka Mtandaoni hadi Kariakoo

Maswali yanayoifikia meza ya istilahi ni ya aina mbili. Yapo yanayotaka neno moja tu, nayo hujibika kwa kufungua faharasa. Yapo pia yanayotaka jambo zima lielezwe, na neno likifuata baadaye. Katika makala haya tunakusudia kulishughulikia swali moja la aina hii ya pili, kwa sababu limehusu kazi ya kila siku ya mafundi na wateja wa kompyuta katika jiji la Dar es Salaam, hasa Kariakoo na mitaa ya katikati ya jiji.

Swali lenyewe ni hili. Mtu anafungua tovuti yenye orodha ndefu ya programu. Anatia alama ya vema kwenye tano anazozitaka, kisha anapakua faili moja dogo. Anapolifungua faili hilo katika kompyuta yake, halimwulizi lolote. Linaanza mara moja kusakinisha zile tano, wala haligusi nyingine. Je, faili limejuaje alichokichagua?

Swali hili lina jibu la kiufundi, nalo si gumu. Lakini tukijaribu kulieleza kwa Kiswahili tunakuta kwamba maneno tuliyo nayo yanatosha kwa hatua ya kwanza na ya mwisho, ilhali hatua ya katikati, yaani ile inayouchukua uteuzi wa mtu na kuusafirisha, haina jina. Pengo hilo si la wasomi peke yao. Tutaonyesha kwamba mwananchi anaweza kubebeshwa dhamana ya uamuzi asioufanya, kwa sababu tu sentensi iliyoandikwa kwenye kioo cha kompyuta haikutafuta neno la hatua hiyo.

Mzigo wenye alama

Kwanza tuanze na mahali. Jina la Kariakoo ni istilahi ya kigeni iliyotamkwa na wenyeji kwa namna yao. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps kilipiga kambi katika eneo hilo. Vita vilikwisha, kikosi kikaondoka, jina likabaki katika vinywa vya watu na kupata irabu zake. Leo hakuna anayelisikia kuwa neno la kigeni.

Kumbukumbu hiyo inatufaa kwa sababu ya kazi ya mpagazi yenyewe. Tangu enzi za misafara iliyotoka pwani kwenda bara, mpagazi alibeba mzigo uliofungwa tayari. Ndani mlikuwa na merikani, ushanga au shaba, naye hakuwa na haja ya kuufungua. Kilichouongoza mzigo kufika kwa mwenyewe kilikuwa juu yake: alama iliyotiwa na aliyeufunga. Katika biashara ya vitambaa, alama ya namna hiyo iliitwa rajamu. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na kamusi zetu za zamani zinalieleza kuwa ni chapa au alama inayotiwa juu ya bidhaa ili ijulikane ni ya nani au ni ya aina gani.

Desturi hii haijafa. Mfanyabiashara wa Mwanza au Mbeya anaagiza bidhaa kwa simu kutoka duka la Kariakoo, analipa kwa simu, na muuzaji anafunga furushi. Juu ya furushi huandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina la mpokeaji, mji wake na namba yake ya simu. Utingo wa basi hajui kilichomo. Hakuwapo wakati wa maagizo, wala hakusikia mapatano ya bei. Hata hivyo furushi linafika, kwa kuwa habari yote inayohitajika imeandikwa juu yake. Anayeujua uteuzi wa mteja ni muuzaji, na furushi limebeba alama tu.

Msomaji akiishika picha hiyo, nusu ya jibu la swali letu amekwisha kulipata.

Kompyuta na maneno yake

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka 2 baadaye, kwa sheria ya mwaka 1967, lilianzishwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na mojawapo ya kazi zake ikawa kusimamia uundaji wa istilahi. Ingedhaniwa kwamba mashine na maneno yake vingekua pamoja. Haikuwa hivyo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, baada ya mpango wa kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine hizo kwenda kombo. Masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Kwa muda mrefu, basi, kompyuta ilikuwa chombo cha ofisi chache, na mwananchi wa kawaida hakuwa na sababu ya kukitafutia maneno.

Katika kipindi hicho hicho istilahi za nyanja nyingine zilipatikana kwa wingi, na baadhi yake zilichotwa katika lugha zetu za asili. Bunge limetoka katika Kiha. Ngeli ya wanasarufi imetoka katika Kihaya. Kwa upande wa kompyuta yalitokea majaribio kama vile tarakilishi na ngamizi. Tarakilishi limepata makazi katika vitabu na shule, hasa nchini Kenya, ila Dar es Salaam sokoni hutasikia ila kompyuta. Hilo si kosa la soko. Neno la mkopo lililokwisha kuota mizizi lina haki zake.

Mambo yaligeuka biashara ya kompyuta ilipofunguka na mtandao ulipoenea. Maduka ya huduma za intaneti yalijaa katikati ya jiji, na meza za mafundi zikajipanga Kariakoo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili. Muda si mrefu Microsoft nayo ikatoa Windows yenye sura ya Kiswahili. Kazi hizo ziliwalazimisha watafsiri kutafuta maelfu ya maneno kwa mkupuo, tena maneno yanayotakiwa kutenda kazi kwenye kioo na wala si kukaa kamusini tu.

Katika mkupuo huo ndimo lilimopata nguvu neno sakinisha. Kusakini ni kukaa mahali, kufanya makazi. Maskani ni jamaa yake. Kusakinisha programu, basi, ni kuifanya ikae katika kompyuta, iwe na makao na isiwe mpita njia. Kutokana na kitenzi hicho twapata kisakinishi, yaani faili linalofanya kazi ya kusakinisha. Kupakua nalo lilikuwa na historia ya kufaa: lilitumika bandarini kwa shehena na jikoni kwa chakula, na katika kila hali lilikuwa na maana ya kukitoa kitu kilipo ili kimfikie anayekihitaji.

Fundi wa Kariakoo hakungoja orodha hizo. Yeye husema anapiga windo anapoweka mfumo mpya katika kompyuta. Husema anaweka programu, anashusha faili, anarusha wimbo kutoka simu moja hadi nyingine. Maneno haya si sanifu yote, ila yana sifa moja ambayo mwanaistilahi hana budi kuiheshimu: kila moja linaonyesha mtu anayetenda. Katika usemi wa sokoni programu haijiweki. Kuna aliyeiweka.

Jinsi kisakinishi kinavyoarifiwa

Sasa turudi kwenye faili letu dogo. Mfano unaojulikana sana ni huduma ya Ninite, iliyoanza mwaka 2009. Mtumiaji anachagua programu katika tovuti, anapewa kisakinishi kimoja, nacho kinazichukua programu hizo mtandaoni na kuzisakinisha bila kumsumbua kwa maswali. Kinachowezesha jambo hilo ni namba ya utambulisho inayokwenda pamoja na kisakinishi. Seva, yaani kompyuta inayotoa huduma, ndiyo iliyopokea alama za vema. Ndiyo inayojua namba fulani ina maana ya programu zipi.

Kwa jumla, uteuzi wa mtumiaji husafiri kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni jina la faili. Seva inaweza kuliandika jina la kisakinishi kwa namna ambayo kisakinishi kikianza kazi kinalisoma jina lake chenyewe na kufuata kilichomo. Njia hii ni nyepesi, lakini ni dhaifu. Mtu akilibadilisha jina, au kivinjari kikiliongezea tarakimu kwa kuwa faili lenye jina hilo lipo tayari, habari hupotea au huharibika.

Njia ya pili ni kuitia habari ndani ya faili lenyewe. Seva ina kisakinishi kimoja cha asili kwa watu wote. Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kupakua, seva inatoa nakala na kuichomekea maneno machache: namba ya programu iliyochaguliwa, lugha inayotakiwa, na mengine ya aina hiyo. Kisakinishi cha Google, kinachotumika kuweka kivinjari cha Chrome, kimeundwa hivyo, na msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2009 ili wataalamu wausome.

Hapa pana ufundi wa kuelezwa kwa utulivu. Mafaili ya namna hii hutiwa sahihi ya kielektroniki na mtengenezaji, ili kompyuta ithibitishe kuwa hayakuguswa njiani. Kama faili likibadilishwa baada ya kutiwa sahihi, sahihi hiyo hukataliwa. Itawezekanaje, basi, kuongeza maneno kwa kila mteja? Jibu ni kwamba sahihi yenyewe huhifadhiwa katika sehemu maalumu ya faili, na sehemu hiyo haihesabiwi wakati wa kuithibitisha sahihi, kama vile lakiri haiwezi kujifunga yenyewe. Watengenezaji wakaona nafasi, wakaitumia: maneno yanachomekwa pembeni mwa sahihi, na sahihi inabaki halali.

Nafasi hiyo ilileta faida na hatari pamoja. Yeyote anayelipata faili njiani aweza kuyabadili maneno hayo bila sahihi kulalamika. Kisakinishi kisichojihadhari, kinachosoma hapo anwani ya mahali pa kuchukua programu, chaweza kuelekezwa kwenye programu ya mwizi huku kikionekana safi. Desemba 2013 Microsoft ilitangaza kwamba itakaza uthibitishaji wa sahihi ili maneno ya ziada yasikubaliwe. Julai 2014 ikaeleza kuwa haitaulazimisha utaratibu huo kwa kompyuta zote, ila anayeutaka ataweza kuuwasha mwenyewe. Visakinishi vingi halali vilikwisha kuitegemea nafasi ile.

Njia ya tatu ni akaunti. Februari 2011 Google ilifungua duka la programu za Android katika tovuti. Mtu akiwa mbele ya kompyuta aliweza kuchagua programu, na simu yake iliyo mfukoni ikaipokea na kuisakinisha. Hapa faili halibebi habari ya mteuzi. Uteuzi umeandikwa katika seva chini ya akaunti ya mtu, na simu iliyofunguliwa kwa akaunti hiyo inapewa agizo.

Tukizilinganisha njia hizi na biashara ya Kariakoo, ya kwanza ni kama jina lililoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya furushi. Ya pili ni rajamu iliyopigwa katika mzigo wenyewe. Ya tatu ni daftari la muuzaji, ambamo kila mteja ana ukurasa wake. Katika zote tatu, kisakinishi hakijui kitu. Kinasoma, au kinaambiwa.

Nani aliyechagua?

Tofauti kati ya kujua na kusoma ingekuwa ya wanafalsafa tu kama si jinsi mafaili yanavyosafiri katika mji wetu. Vifurushi vya intaneti vina bei, na mteja haoni sababu ya kupakua upya kile ambacho fundi anacho tayari. Kwa hiyo kisakinishi kilichopakuliwa mara moja huhifadhiwa kwenye flashi, kikatumika katika kompyuta ya kwanza, ya pili na ya ishirini. Rajamu iliyomo ndani yake husafiri nacho. Uteuzi ulioandikwa humo ni wa mtu wa kwanza aliyetia alama za vema. Kompyuta ya ishirini inapokea programu ambazo mwenyewe hakuziona katika orodha yoyote.

Hata hivyo, kioo cha kompyuta hiyo ya ishirini kinaweza kuandika hivi: "Programu ulizochagua zinasakinishwa." Sarufi ya sentensi hiyo ni nzuri, lakini habari yake ni ya uongo. Kiambishi u- katika ulizochagua kinamtaja msomaji kuwa ndiye mtenda. Hakuchagua. Aliyechagua ni fundi, au mteja mwingine, au mtu asiyejulikana aliyelipakua faili mwaka jana.

Tusidhani kuwa hili ni jambo dogo. Programu nyingine huleta matangazo, nyingine hukusanya habari za mtumiaji. Wapo pia watengenezaji wanaofungasha programu zao za ziada pamoja na ile inayotakiwa, na alama ya vema ikiwa imekwisha kutiwa kabla mteja hajafika. Tangu Mei 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ridhaa ya mtu ina uzito wa kisheria nchini mwetu. Mwananchi akilalamika kwamba hakuridhia, ataonyeshwa kioo kilichoandikwa ulizochagua. Kiambishi kimoja kitakuwa kimetoa ushahidi dhidi yake.

Watafsiri wengine hujiepusha na tatizo hili kwa kutumia kauli ya kutendwa, wakaandika "programu zilizochaguliwa". Sentensi hiyo haisemi uongo, lakini inamficha mtenda, na mtengenezaji aliyeongeza programu zake atajificha nyuma yake kwa raha. Kiswahili kina uwezo wa kusema wazi zaidi. Tunashauri watafsiri watofautishe hali tatu. Pale mtumiaji anapochagua papo hapo kwenye kioo, au kwa akaunti yake, iandikwe "programu ulizochagua". Pale kisakinishi kinapofuata maneno yaliyomo ndani yake, iandikwe "programu zilizoandikwa katika rajamu ya kisakinishi hiki", na orodha ionyeshwe kabla ya kazi kuanza. Pale mtengenezaji alipoongeza vyake, iandikwe "programu zilizoongezwa na mtengenezaji".

Pendekezo la neno

Hivyo tumefika kwenye neno lenyewe. Kwa ajili ya maneno yanayochomekwa katika kisakinishi ili kubeba uteuzi wa mtu, tunapendekeza rajamu. Twajua kwamba lebo linatumika, na kwamba kitambulisho nalo lingeweza kufaa. Lebo, hata hivyo, hubandikwa juu na huonekana, ilhali alama hii imo ndani na mtumiaji haioni. Kitambulisho nacho kimekwisha kushikwa na kadi ya mtu; mwananchi akisikia kitambulisho cha kisakinishi atafikiri ni cheti cha uhalali wa faili, na hilo ndilo hasa ambalo alama hii haiwezi kuthibitisha. Rajamu ni neno lililolala, lina historia ya biashara, na maana yake ya zamani inakaribiana na hii mpya kuliko yale mengine: alama inayotiwa na muuzaji wakati wa kufunga mzigo, ili wa mbele ajue la kufanya.

Litapingwa na wanaosema kwamba watu hawalijui. Tunawakumbusha yaliyotokea mwaka 2016. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipotangaza kuwa simu bandia zitazimwa ifikapo Juni 16 mwaka huo, maelfu ya watu waliobeba simu kwa miaka bila kujua kuwa zina namba ndani yake walijifunza kuibonyeza *#06# na kuisoma namba tambulishi ya simu. Wauzaji na wateja wa Kariakoo walilijua jambo lile kwa sababu liliwagusa mfukoni. Jambo lililofichika likiwa na jina, na watu wakiwa na haja nalo, jina hujifunzwa upesi.

Fundi naye atanufaika. Akiwa na neno hili, ataweza kumwambia mteja: "Hiki kisakinishi kina rajamu ya mtu mwingine, nikupakulie kipya, au tutumie hiki?" Ni sentensi fupi, na inamrudishia mwenye kompyuta haki ya kuchagua. Bila neno, fundi hana budi kueleza mambo ya seva na sahihi katikati ya foleni ya wateja, na kwa kawaida hataeleza.

Pendekezo hili bado ni pendekezo. Istilahi hupimwa kwa wanaoitumia, nasi tungependa lipimwe kwenye meza za mafundi wa Kariakoo na katikati ya jiji, katika madarasa ya kompyuta, na kwa watafsiri wa programu, kabla halijaingizwa katika orodha yoyote. Wasomaji wenye neno lililo bora zaidi, au wenye ushahidi wa matumizi ya rajamu katika maeneo yao, wanaombwa watuandikie, wakitaja mahali walipolisikia na watu wanaolitumia.